Mama, Mstari wa Mikono Bado Upo

Mama,

Sikuulizi hali, maana huko uliko najua mgongo hauumi tena. Sisi wazima. Tumaini ameota meno mawili, anang'ata kila kitu, hata kitenge chako ninachombebea. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako jikoni, maharage yapo motoni.

Nina habari za kanisani.

Tangu uondoke watu wameongezeka. Wamekuja vijana wanaofanya biashara Tunduma, wana nyimbo zao za Kibemba, na kinanda kimenunuliwa. Anayekipiga ni Elia, mtoto wa Mzee Haonga. Mzee unamjua na ngoma yake. Akasema kwaya ya wazee haitaimba na lile lidude. Elia akamjibu baba yake vibaya mbele ya watu, na tangu hapo hawakusemeshana, na wanalala nyumba moja. Kanisa nalo likagawanyika, huyu wa Mzee, huyu wa Elia. Ikafika wazee wanasema watahama, watasali kwenye nyumba zao.

Mchungaji akaona afanye ibada mbili. Ya kwanza ya ngoma, ya pili ya kinanda. Na kwa sababu muda hautoshi, mstari wa mikono uondolewe. Wakitoka hawa waende zao, waingie wale.

Mama, niliumia. Mstari ule ndio ulionilea. Ulikuwa unatoka wa kwanza, unasimama mlangoni, anayekufuata anakupa mkono na kusimama kando yako, hivyo hivyo mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Msimu wa kahawa mikono ilikuwa inanata kwa kuchuma, hakuna aliyejali. Ukiona mtu anamruka mwenzake unamwita, "Bado mmoja." Na ule mwaka mbuzi wa Mama Neema walipokula mahindi yako, akataka kuuchomoa mkono wake, ukaukaza ukamwambia, "Tulia, Mama Neema, mbuzi hawapo hapa." Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi nikaenda kwa mchungaji, mtoto mgongoni. Mimi huyu niliyeishia darasa la saba. Nikamwambia wanaotoka wasimame mstari nje, wanaoingia wapite hapo hapo wakiwapa mikono ndipo waingie. Akasema ibada ya pili itachelewa. Nikasema, "Mchungaji, tukiwahi wote na hatusalimiani, tutakuwa tumewahi wapi?" Akatazama saa yake. Halafu akasema tujaribu Jumapili moja.

Jumapili hiyo nilitoka wa kwanza nikasimama pale pako. Mzee Haonga akasimama kando yangu na fimbo yake, uso kaukunja. Wa ibada ya pili wakaanza kupita. Elia akafika, akanipa mkono, akaangalia chini, anataka kumpita baba yake. Mimi nilikuwa bado nimemshika. Sikumwachia. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bado mmoja."

Watu nyuma yake wakasimama.

Mzee akahamishia fimbo mkono wa kushoto.

Akautoa wa kulia, akamshika mwanawe, akamwambia, "Hicho kinanda chako kinakoroma. Kina mafua?" Elia akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mzee hakumwachia haraka.

Ibada ya pili ilichelewa kweli. Mchungaji aliyekuwa anatazama saa akaja akasimama mwisho wa mstari na joho lake.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kimenyooka. Wazee bado wanalalamika kelele, vijana wanasema ngoma inawachelewesha. Ila hakuna aliyehama, Mama. Hata mmoja. Na kila Jumapili Tumaini anatoa kimkono chake mgongoni kwangu, kimejaa mate, watu wanakishika hivyo hivyo.

Nakuahidi nitaendelea kutoka wa kwanza. Tumaini akijua kusimama, nitamweka pale pako.

Pumzika sasa. Maharage yameanza kushika, nayasikia harufu.

Ila nikuambie kitu. Mstari ukiisha, nikishashika mikono yote, huwa natazama pembeni. Bado mmoja, Mama. Huo nitaushika nikifika huko.

Mwanao,
Mama Tumaini