Simba Iliyookolewa na Bwawa

Shangazi mpenzi, mwalimu usiyesamehe kosa la ngeli,

Shikamoo kutoka kwao Omondi, rafiki yangu wa chuo, nje kidogo ya Kisumu. Leo mchana mamake alinionyesha bwawa lao dogo la udongo, lililochimbwa na wanakijiji kuzuia mafuriko. Mbuzi wamejilaza juu ya tuta utadhani walilijenga wao.

"Kabla ya hii dam," akasema Mama Omondi, "mvua ikikuja, simba ilikuwa inabebwa na maji. Saa hii imekauka kabisa. Leo mtalala ndani ya simba, wewe na Omondi."

Nikatabasamu kwa adabu. Moyoni nikasema, maskini, hata simba anamwita "ilikuwa"! Kisha yale ya kulala ndani yakaniingia.

Mara mvua ikashuka kutoka upande wa ziwa. Wote wakakimbilia tutani kuona kama litastahimili. Wao walikodolea maji macho, mimi vichaka.

Tuta halikutikisika. Nilipouliza simba anafugwa wapi, Omondi alicheka hadi akakaa matopeni. Kwa Kijaluo, simba ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa, papo hapo bomani.

Kumbe Mama Omondi ndiye aliyepatia ngeli, mimi nikachemsha! Sasa nakuandikia humo ndani, miguu mikavu, tumbo limejaa omena, nimekukumbuka sana.

Nisalimie Bibi. Mwambie nalala ndani ya simba hii. Ukiteleza ukasema "huyu", ataanza kupanga matanga.

Mpwa wako,
Salim