Rubani wa Neema

Alhamisi.

Nilimkataza, lakini alikwisha kulitumia jina. Mjukuu wangu Neema ameunda ndege ya kivita katika mchezo wa kompyuta, uzito ameusogeza nyuma ili igeuke upesi, ingawa hivyo huanguka ikiachwa bila mkono wa mtu. Rubani amempa jina la marehemu baba yake, mwanangu, aliyezama ziwani, huko Kasanga. Kwetu jina la marehemu hurithiwa na mtoto mchanga, naye marehemu hurudi nalo.

"Bibi, ni mchezo tu."

Akaondoa mikono kwenye vitufe ili ianguke, nione. Haikuanguka. Iligeuka, ikashuka hadi juu ya maji ya ziwa la mchezoni, ikawa inazunguka hapo polepole.

"Sijaiunda hivyo," akanong'ona.

Nilinyoosha mkono niizime kompyuta. Akaushika.

"Mwache kidogo, Bibi."

Nikamwacha. Ninaogopa kwamba kesho nitamwomba Neema aiwashe tena.