Usijaze Fomu Nyingine, Baba

Matsuyama, 6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Joto limeanza kupungua, na machenza ya Bi Ochi jirani bado ni ya kijani.

Asante kwa kuja kwenye tamasha la shule. Sikukuambia siku ile kwa sababu wenzangu walikuwa karibu, na unajua mdomo wangu unavyojifunga mbele ya watu. Lakini nilikuona umekaa safu ya nyuma na begi la safari magotini, nikasoma insha yangu mpaka mwisho bila kutetemeka. Mama anasema mtu anayepanda ndege kutoka Asahikawa mpaka huku kwa ajili ya insha ana kichaa, ila alisema huku anacheka.

Sasa habari yenyewe. Bi Ochi anahamia kwa mwanawe Hiroshima baridi ikiisha, na nyumba anaiuza. Amemwambia Mama, "Afadhali nyinyi kuliko yule bwana wa maegesho ya magari anayeitaka. Yule atanikatia miti yote amwage lami." Mama alirudi mbio, hata viatu akaviacha vimelala ubavu mlangoni. Anasema mkopo wa nyumba utaombwa kwa jina lako, na ukishakuwa na nyumba huku, utaweza kumwambia mkubwa wako wa kazi, Bwana Murakoshi, akurudishe. Miaka minne ya kukaa peke yako kwa ajili ya kampuni inatosha. Bi Ochi atatungoja mpaka mwisho wa Machi.

Jambo moja tu. Jana Mama aliniuliza, "Nauli anatoa wapi baba yako? Mshahara wake naushika mimi, pesa yake ya mfukoni nampa mimi kila mwezi, na najua inaishia kwenye tambi na bia." Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Unatoa wapi?

Mwanao,
Kozue

*

Asahikawa, 15 Oktoba

Kozue mwanangu,

Hujambo? Kikohozi kimepona. Theluji ya kwanza imeanguka leo asubuhi, nyepesi, kama mtu amekung'uta kitambaa cha meza.

Nyumba ya Bi Ochi! Niliisoma barua yako nimesimama penye sanduku la barua, bila glavu. Mwambie Mama nimekubali. Siku benki ikisema ndiyo, siku hiyohiyo namwendea Bwana Murakoshi.

Kuhusu nauli, hii ni siri yetu wawili. Ukichukua kadi mpya ya mkopo, wanakukaribisha kwa maili za ndege, zile pointi unazobadilisha kwa tiketi. Mwezi Juni nilichukua moja, nikaja mwezi Agosti kuwakumbuka pamoja nanyi wazee wetu waliokufa. Julai nikachukua nyingine. Septemba ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonileta kwenye insha yako. Natumia kiasi wanachotaka, nalipa kwa wakati, sidaiwi hata senti. Desemba nitachukua ya nne, nile mwaka mpya nyumbani.

Mama asijue. Pesa ya mfukoni anayonipa anaikata kwenye mahitaji yenu, najua. Mwanamume wa miaka hamsini kunyoosha mkono, "Mke wangu, niongeze nauli," siwezi.

Baba yako

*

Matsuyama, 2 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na theluji haijakuzidi. Sisi wazima, ila mimi silali vizuri, na sababu ndiyo naiandika hapa.

Baada ya barua yako nilikwenda maktaba kutafuta vitabu vya mikopo ya nyumba. Mtunza maktaba aliniuliza, "Unaolewa?" Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini nimesoma viwili, na vyote vinasema jambo moja. Kila unapoomba kadi, ombi linaandikwa kwenye kumbukumbu za mikopo na linakaa miezi sita. Ukipewa linaandikwa. Ukinyimwa linaandikwa vilevile. Benki ya nyumba inafungua kumbukumbu hizo kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyeomba moja, hawajali. Mtu aliyeomba mara kwa mara ndani ya muda mfupi, wanamwona kama anayezama na kushika kila kinachoelea. Hawajui kwamba alikuwa anakuja kusikiliza insha.

Ombi lako la mwisho ni la Septemba. Litafutika Machi, Bi Ochi akiwa bado anatungoja. Kwa hiyo tuna nafasi, Baba, ila ni moja tu. Usijaze fomu nyingine. Mwaka mpya usije, tutavumilia. Nisingeomba hivi kama si kutaka urudi nyumbani kabisa.

Mama anataka kwenda benki Januari. Nitajaribu kumchelewesha, lakini nimpe sababu gani, na siri umenikabidhi mimi?

Nijibu upesi.

Mwanao,
Kozue

*

Matsuyama, 9 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kwenye simu uliniambia "sawa, sawa" kisha ukaomba kuzungumza na Mama, na mimi siwezi kusema neno yeye akiwa amesimama pale.

Bwana wa maegesho alikuja jana na utepe wa kupimia. Alipima mpaka chini ya mchenza. Bi Ochi alimfukuza kwa ufagio: "Sijafa, na sijauza!" Mama alishangilia dirishani. Kisha akaniambia, "Unaona? Hakuna kungoja Machi. Benki ikifungua baada ya mwaka mpya, tunapeleka maombi." Nikamwambia labda tungoje kidogo. "Tungoje nini?" Nikasema nina mtihani. Aliniangalia kama ninaumwa.

Niambie kitu kimoja tu. Hujajaza, sivyo?

Kozue

*

Asahikawa, 21 Desemba

Kozue,

Hujambo mwanangu. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mfukoni mwa koti. Nilinuia kukusikiliza. Kisha Mama akaniambia kwenye simu, "Mwaka mpya huu pia tutaweka bakuli lako tupu?" Alisema kwa utani. Kesho yake nilikuwa supamaketi nikinunua mayai. Kijana wa kibanda cha kadi, mwenye koti jekundu, akanidaka: "Mjomba, dakika tano tu! Maili tele na mchele kilo tano juu!" Nikajiambia, moja tu. Nikajaza, na barua yako iko mfukoni.

Wakanikataa. Sijawahi kukataliwa na mtu maishani, Kozue, maana siombi watu kitu. Nilitahayari mno. Usiku uleule nikaomba ya kampuni nyingine, kuhakikisha kwamba kosa ni lao. Nao wakanikataa.

Kwa hiyo siji. Nitamwambia Mama kazi imenibana. Wewe usimwambie. Apeleke maombi Januari kama alivyopanga. Pengine benki haitatazama sana.

Baba yako

*

Matsuyama, 5 Januari

Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini umekula vizuri hata kama ulikula peke yako.

Nimemwambia Mama. Najua uliniomba nisiseme. Lakini benki ikikataa, na hilo nalo linaandikwa, na ingekuwa mimi niliyekaa kimya.

Ilikuwa jana. Tulikuwa tumeingiza miguu chini ya meza yenye hita, tunamenya machenza ya Bi Ochi. Bakuli lako lilikuwa pale. Mama akasema, "Kesho kutwa wakifungua, mimi wa kwanza mlangoni."

"Mama, usiende."

"Kuna nini?"

"Watakataa."

"Nani kakwambia? Wewe na vitabu vyako!"

Nikamweleza yote kuanzia Juni. Sijui nilisemaje, maana nilikuwa naliangalia chenza. Alitoa vile vinyuzi vyeupe, kimoja kimoja, mpaka chenza likawa uchi kabisa.

"Kadi ngapi?"

"Tatu alizopata. Mbili alizonyimwa."

"Mtu mzima anaogopa kumwambia mkewe nauli hana! Mimi simba?"

Nikachukua chenza jingine.

"Nakuuliza, Kozue. Mimi simba?"

"Kidogo," nikasema.

Akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Kisha akainuka, akaenda kwenye pipa la mchele, akatoa nyuma yake kopo la majani ya chai lililojaa noti. Unajua wanawake wa hapa wanavyojiwekea pesa kichinichini. Nilidhani ni ya kimono au ya meno yake. Akasema, "Hii ni ya kumfuata yeye kule, siku atakaposema ameshindwa kuja. Sasa alikuwa anakuja kila mara, nikaona hanihitaji."

Leo tumekwenda kwa Bi Ochi kumwomba angoje mpaka maombi yako ya Desemba yafutike, yaani Juni. Mama, yule msemaji, alikaa pale akashindwa. Alipasha koo kwa chai, akasifu pazia, basi. Ikabidi niseme mimi. Bi Ochi akanitazama: "Binti, miaka yote hii sijaijua sauti yako, na ya kwanza ndiyo hii ya kunitaka ningoje!" Hakukasirika. Alinishika mkono. Lakini alisema Machi ni Machi, mwanawe ameshamtengenezea chumba, na yeye ni mzee, Juni kwake ni mbali.

Kwa hiyo nyumba imetutoka. Nakuandikia nikimsikia Mama jikoni anaosha vyombo vilivyo safi.

Sasa nakuuliza, na tafadhali usinijibu "sawa, sawa." Ulisema benki ikikubali ndipo utamwendea Bwana Murakoshi. Benki haitakubali. Je, utamwendea hivyohivyo? Au tulikuwa tunataka nyumba tu?

Humu ndani kuna tiketi ya ndege ya Februari. Mama ameilipia taslimu.

Mwanao,
Kozue

*

Asahikawa, 26 Februari

Kozue mwanangu,

Hujambo? Nimefika salama. Bado nanukia machenza.

Sikuandika muda wote huu kwa sababu sikuwa na jibu, na jibu la "sawa" ulinikataza. Mama yako alinisema sana, ulisikia, ukuta ni mwembamba. Lakini alinisema huku akinishonea kifungo cha koti, na hayo hukuyaona.

Leo nimemwendea Bwana Murakoshi. Akaniuliza, "Umeshapata nyumba kule?" Nikamwambia sina. "Basi unaharakia nini? Ukirudi sasa, cheo kinashuka na posho ya kuishi mbali inakatwa." Nikamwambia, "Nyumba sina, watu ninao." Akazungusha kalamu yake kwa muda. Amesema atatazama uhamisho wa Juni, lakini haahidi.

Sijajaza chochote. Supamaketi napitia mlango wa nyuma.

Baba yako

*

Matsuyama, 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mvua za Juni zimetushika, nguo hazikauki, lakini hatujambo.

Bi Ochi ametuandikia kutoka Hiroshima kwamba chumba chake kinaona barabara tu. Hapa kwake pamemwagwa lami. Dirishani mwangu naona magari saba na nguzo ya taa. Mchenza mmoja wameuacha kwenye kona, nadhani ulikuwa unazuia maji. Nikienda shule naupita na kuugusa, watu wakiwa hawapo.

Maombi yako ya Desemba yamefutika. Mama alitaka nihakikishe, nikahesabu mbele yake mara mbili. Ameona nyumba ndogo nyuma ya stesheni, ina ngazi mbaya na jua zuri. Benki anakwenda Jumatatu, na hesabu ya mshahara wako utakaopungua ukirudi, na hajui watasemaje. "Wakikataa," anasema, "tutakataliwa tukiwa watatu."

Orodha ya uhamisho ilitakiwa kutoka wiki iliyopita. Hujasema kitu. Simu hupokei. Mama ametandika tandiko lako, kisha akalikunja, kisha akalitandika tena. Sijui nimwambie nini.

Jina lako limo?

Mwanao,
Kozue

*

Stesheni ya Asahikawa, 25 Juni

Kozue,

Naandika magotini, juu ya begi, samahani kwa mwandiko. Simu niliifunga kwenye maboksi pamoja na sufuria. Maboksi yametangulia kwa lori.

Nilipopita supamaketi kununua maji, yule kijana wa koti jekundu akanidaka tena: "Mjomba! Jaza upya, safari hii watakubali!" Nikamwambia ninahama, na fomu zangu siku hizi mpaka mke wangu azione kwanza. Akacheka. Nami nikacheka.

Mwambie Mama Jumatatu asiende benki peke yake. Barua hii na mimi sijui nani atafika kwanza. Tandiko aliache limetandikwa.

Baba