Kizibao Namba Thelathini na Saba

Maabara ya Hewa na Maji,
Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako la kulia limeacha ubishi. Mzee wako macho yanaendeleaje? Mwambie asiache yale matone eti kwa sababu ameanza kuona magazeti, namjua. Sisi huku hatujambo. Mimi usingizi umerudi na hamu ya kula imerudi nayo, hadi sketi zinalalamika.

Kwa simu ulishaambiwa kwamba mdogo wangu Chiriku amejifungua salama mtoto wa kike, kilo tatu na robo, sauti ya kuamsha wadi nzima. Kumbe damu haipotei! Lakini simu ni fupi, na yaliyotangulia hatukukwambia kwa sababu tulijua ungepanda basi siku hiyo hiyo na goti lako. Sasa yamekwisha. Keti vizuri nikusimulie.

Kazi yangu unaijua, ingawa nyumbani mnaniita Daktari wa Moshi asiyetibu mtu. Tangu mwaka jana tunapima hewa wanayovuta na maji wanayokunywa wajawazito sitini wa mtaa mmoja wenye karakana nyingi. Kila mmoja anavaa kizibao chenye kipampu kidogo kwa siku mbili, na akilala anakiweka kando ya mto. Kipampu kinavuta hewa ya karibu na pua yake na kuipitisha kwenye kichujio cheupe, kiduara kama kifungo cha koti. Kinachonasa pale ndicho kilichokuwa kinaelekea mapafuni. Chiriku naye alikuwa mmoja wa hao sitini. Mwenzangu ndiye aliyemsajili, nisije nikaambiwa napendelea ndugu.

Mtaa mzima ulikuwa umeshayahukumu maji kwamba ndiyo yenye sumu. Tukayapima mara tatu, yakatoka safi kuliko ya ofisini kwetu. Mwenyekiti wa mtaa alinuna kabisa, maana hotuba alikuwa ameshaiandika.

Vichujio vinakuja maabara na namba tu, bila majina. Siku moja nikafungua namba thelathini na saba. Wee, Shangazi! Vingine vyote vilikuwa na rangi ya majivu. Hiki kilikuwa cheusi tii. Kwenye mizani kikazidi hata cha yule dada anayeuza mkaa. Tulipotafuta madini tukakuta na risasi, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za zamani, ambayo huingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni. Nikajisemea, maskini, huyu ni nani? Nikafungua daftari la majina. Chiriku! Na mimba ya miezi sita, baada ya zile mbili zilizoharibika ambazo wewe mwenyewe ulikuja kumuuguza.

Kanuni yetu inataka kipimo kirudiwe kabla mtu hajaambiwa lolote. Niliivumilia kanuni siku moja nzima. Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwake, roho mkononi.

Nilimkuta sebuleni na mama mkwe wake. Huyo tunamwita Mama Jeshi, kwa vile kila siku anapikia mafundi arobaini wa majengo yale mapya. Alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu, karai limejaa. Nikaanza kumhoji Chiriku kama polisi. Kizibao ulikivaa? Akaapa alikivaa hata chooni. Nikamtolea karatasi. Kipampu kina saa ndani, kinaandika kila dakika, na kinasema moshi ulipanda saa kumi na moja alfajiri, ukapanda tena saa nne asubuhi. Saa nne wewe uko kaunta, unauza dawa. Duka la dawa gani linafuka moshi? Chiriku akamgeukia mama mkwe wake.

Ndipo likatoka. Kipampu kilikuwa kinalia kama mbu, wateja wakadhani anawarekodi, na Mama Jeshi akasema mjukuu wake hawezi kupigiwa kelele tumboni siku mbili. Akakivua mwilini mwa Chiriku, akakivaa yeye. Na alikivaa kwa uaminifu kuliko mshiriki yeyote niliyewahi kumpata. Alipika nacho, akalala nacho, akakirudisha kimefutwa vumbi na kukunjwa vizuri.

Nilivyoruka! Nilimkumbatia Chiriku, nikapiga kelele, "Asante Mungu wangu! Kumbe ni mama tu!"

Kisu kikatulia. Mama Jeshi alinitazama, wala hakukasirika, na hapo ndipo aliponimaliza. Akauliza polepole, "Na mimi je, mwanangu, sina mapafu?" Halafu akakohoa, kile kikohozi chake ambacho wote tumekizoea hata hatukisikii tena.

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na moja nasomea pumzi za watu! Na wala haukuwa mdomo peke yake ulioteleza. Orodha ya nani apimwe niliiandika mimi kwa mkono wangu: wajawazito na watoto wadogo. Mwanamke wa miaka sitini na tatu anayepuliza moto kila alfajiri hayumo kwenye karatasi yangu hata moja. Angekuja mwenyewe kuomba apimwe, tungemshukuru na kumrudisha nyumbani.

Siku tatu nilijificha kazini. Siku ya nne nikaenda jikoni kwake kabla hakujapambazuka, kumwomba radhi. Akanijibu kwamba radhi ataipokea nikishaosha masufuria. Yapo saba, na moja naweza kuoga ndani yake. Nikaosha.

Jiko lenyewe ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Lilikuwepo, akaliziba mwenyewe mwaka ule wa mvua nyingi. Dakika kumi tu, machozi na kamasi vilinitoka kama mfiwa. Na kuni zake sasa! Fremu za milango na madirisha ya zamani, rangi ya kijani ikibanduka. Mafundi wanapobomoa humwachia, kwa wema tu. Miaka kumi na mitano anachoma rangi akijua anachoma mbao.

Sikuchoshi na vita vilivyofuata, maana alibisha kila kitu hadi rangi ya bawaba. Shemeji, ambaye siku zote husema yeye ni fundi bomba na si seremala, alitoboa madirisha mawili yanayotazamana na kuinua paa kidogo. Mbao zenye rangi zikapigwa marufuku, na mafundi wenyewe ndio wanaomletea kuni safi sasa. Hospitalini picha ya kifua ikaonyesha mapafu yamechoka lakini hayajaharibika. Risasi kwenye damu iko juu, ila daktari alisema itashuka maadamu chanzo kimekatwa. Aliposema hivyo nikakaa chini pale pale koridoni, mgonjwa ndiye akaniinua. Nilipumua, Shangazi. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Chiriku tulimpima upya, safari hii nikimfuata kama askari, na kichujio chake kikatoka karibu cheupe. Mama Jeshi naye, baada ya wiki sita, hewa ya jikoni kwake haifiki hata robo ya ile ya kwanza. Asubuhi bado anakohoa kidogo. Mchana anapiga soga bila kukatishwa, na soga anazo, tunakoma! Orodha yangu nimeiandika upya na kamati imeikubali. Wapishi wote wa mtaa ule watapimwa, wazee kwa vijana.

Salamu nazitoa hapa hapa, kwa sababu nikishaandika lililobaki sitaweza kuendelea. Msalimie sana mzee wako, na binamu zangu mapacha, na jirani yako fundi cherehani. Mwambie gauni lake limenibana lakini kosa si lake. Chiriku anakusalimu kwa maneno mengi mno, nimeyapunguza. Mwenyezi Mungu akutunze, akuzidishie siku, na goti lako alihurumie.

Lililobaki ni la Alhamisi, wadini. Nilipofika, kila mtu alikuwa ameshampakata mtoto, hadi shemeji. Mama Jeshi alikuwa amesimama mlangoni, mbali na kitanda, mikono ameificha mgongoni. Alikuwa ameoga mara mbili. Gauni lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani bado ipo, na moto hakuuwasha tangu jana yake. Mafundi arobaini walishinda na mkate. Alikuwa ananingoja mimi. Akaninong'oneza kama naweza kumpima kwanza, asije akampa mtoto sumu.

Sikuwa na kipampu, sikuwa na mizani, nilikuwa na mkoba na ndizi mbili. Na hofu ile nilimtia mimi, kwa karatasi zangu. Nikamwambia, "Mama, mshike." Hakunyoosha mikono. Nikamchukua mtoto kitandani, nikamtoa ile mikono mgongoni mmoja mmoja, nikamlaza mjukuu juu yake. Akainamisha uso mpaka pua ikagusa utosi wa mtoto, akavuta pumzi ndefu, akaivuta mpaka mwisho, na hakukohoa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,
Daktari wa Moshi