Bibi wa Ukutani

Nyumba ya mama, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu zangu nyingi. Mnaendeleaje huko, wewe, wifi na watoto? Kile kikohozi cha wifi kimemwachia? Huku tu wazima, ukiacha miguu ya Mama Mdogo inayovimba kila akipanda ngazi zetu, na mimi niliyechoka. Siumwi. Daktari alinipima, akakosa la kuandika.

Kazi ni ile ile. Huu mwaka wa kumi na moja naigiza mama mkwe mkorofi kwenye tamthilia. Juzi muuza mkate alikataa kunihudumia mpaka nimwombe radhi mkwe wangu wa kwenye runinga. Nikaomba. Ningefanyaje, nilikuwa na njaa.

Ndiyo maana nilinunua kamera. Kutwa nalia machozi aliyoyaandika mtu mwingine, nikirudi nyumbani nataka kitu nilichokibuni mwenyewe. Napiga mambo ya kila siku, halafu naweka humo jambo moja lisilowezekana, na hakuna anayeshangaa. Kinyozi wetu ananyoa, manyoya meupe yanaanguka badala ya nywele, mteja anasoma gazeti lake. Manyoya tuliyatoa kwenye mto wangu wa kulalia, na shingo inaniuma mpaka leo. Mwenye ukumbi wa maonyesho anasema huo ni uhalisia wa kimazingaombwe. Sikumbishia. Jina refu linapandisha hadhi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini niandike. Baada ya mazishi ya mama, ambayo hukuweza kuyahudhuria, uliniomba picha yake ya mwisho. Nilipekua makabati yote. Unamjua mama, akiona kamera anageukia sufuria. Nilipata kisogo chake mara nne, basi.

Nikakutumia picha zangu sita badala yake, uone dada yako anahangaika na nini. Moja ni ya mwanamke aliyekaa kwenye cherehani ya mama, na ukuta unaonekana kupitia kifua chake. Sikuandika maelezo yoyote nyuma. Ukanijibu: "Dada, imetikisika kidogo, lakini ni mama kabisa. Nimeitundika sebuleni. Watoto wanamwamkia bibi yao kila asubuhi."

Kijiko, yule ni mimi.

Nilivaa gauni lake la kijani na kilemba chake. Nikaiweka kamera kwenye stendi, nikaacha jicho lake wazi linase picha moja kwa sekunde ishirini. Nilikaa sekunde nane, kisha nikainuka na kutoka, ndiyo maana naonekana nusu. Bega la kushoto nililishusha kama lake. Miaka yote hii ya kuigiza, nahisi ni hilo tu nililojifunza vizuri. Nilidhani utacheka.

Barua yako ilipofika nilikaa jikoni na viatu miguuni mpaka chai ikapoa. Nilitaka kukwambia siku ile ile. Nikaona aibu, kisha uvivu ukaingia, na miezi kumi ikapita hivi hivi.

Mama Mdogo nilimwonyesha wiki iliyopita. Aliitazama weee, akasema, "Dada yangu hakuwahi kutulia hivi hata akiwa amelala. Mwambie mwenzio kabla hajaambiwa na watu." Na watu watakuambia kweli, maana maonyesho ya picha zangu yanafunguliwa mwezi ujao, na picha hiyo ndiyo iliyo kwenye tangazo, jina langu chini yake.

Nisamehe, mdogo wangu. Kifo kilikunyang'anya mama, sasa mimi nimekunyang'anya mara ya pili, na sikukusudia. Ukitaka kuhakikisha, angalia mkono ulio juu ya kitambaa. Kuna kovu la pasi, lile uliloniachia ulipokuwa na miaka sita. Mama hakuwa nalo.

Mama Mdogo anakusalimu, anasema wifi anywe maji ya moto. Kinyozi naye anakusalimu, bado anakumbuka ulivyokuwa ukilia kitini kwake. Mwenyezi Mungu awalinde, na akupe moyo wa kunielewa.

Ukiishusha ile picha sitanung'unika. Ukiiacha, waambie watoto kwamba aliye pale si bibi, ni shangazi yao. Huyo yu hai, ana barua yako moja tu, na ameisoma mpaka mikunjo imechanika. Wakimwamkia, ataitika.

Ni mimi nikupendaye hata ukinyamaza,
Dada yako.