Anwani Yako Ninayo

Kaka Elisha,

Ugali uko kwenye hotpoti, mlenda uko kwenye sufuria. Kuku wafungie mapema.

Asubuhi washenga walipokuja kuniposa, ulifungua simu ukawaonyesha anwani yangu ya bitikoini. "Kila Ijumaa pesa zinatoka. Muulizeni anamlea nani." Wakaondoka chai ikiwa bado moto. Zilikuwa za dawa za mama kule Kintinku, ambaye wewe hujamnunulia hata kidonge.

Anwani hiyo uliijua siku uliponitumia pesa. Ulisahau kwamba na yako ilibaki kwangu, na yeyote aliye na anwani anaona pesa zote zinazoingia na kutoka. Zako zinatoka kila Jumamosi.

~~Sitamwambia wifi.~~

Nimempa wifi Joyce anwani yako. Na lile swali lako nimempa pia.

Chumvi imeisha.

Mdogo wako