Viatu vya Mchungaji

Wifi yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na sare za kwaya nimemaliza kuzishona.

Juzi mdogo wako, mchungaji wetu, aliwaosha wazee wa kanisa miguu akiwa amepiga magoti. Zamu yake ilipofika alikataa kuvua viatu, akasema hastahili. Waumini wakamsifu kwa unyenyekevu.

Mimi najua ana kidonda cha kisukari. Mwombea wagonjwa, aonekane kliniki? "Mungu ananitosha," ananijibu, huku akijipulizia manukato.

Leo kanipa viatu nivipige rangi. Niliingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, ukatoka umelowa. Harufu yake siisemi. Yeye anasema hasikii maumivu yoyote.

Njoo upesi, wifi. Wewe ndiye uliyemwogesha utotoni. Pengine kwako atavua.

Mke wa mdogo wako